Bastola ya Mfukoni kwa Watu wa Pwani: Tunajibu Barua Zenu

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Malindi na Lamu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu aliyeruhusiwa na sheria kubeba bastola ya kujilinda, naye hataki ionekane, achague ya namna gani? Nimechagua barua chache na kuzijibu kwa kirefu au kwa kifupi kulingana na uzito wa kila moja. Majina na mitaa ya waandishi nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu mtu akijulikana mtaani kuwa ana bastola huwa amekwisha kuwaalika wezi wa aina mbili, anayetaka mali yake na anayetaka silaha yenyewe.

Swali: Assalam alaykum, Bwana Mshauri. Mimi ni sonara hapa Malindi mjini. Nimepata cheti cha silaha kutoka kwa Bodi ya kutoa leseni, na nimeruhusiwa kununua bastola moja. Jioni nikifunga duka huenda nyumbani kwa miguu, na mara nyingine huwa nimebeba kazi za wateja. Muuzaji wa Nairobi amenionyesha bastola kadhaa na kila moja ameisifu. Ninataka iliyo ndogo kuliko zote, ikae mfukoni mwa suruali bila mtu kujua, na rafiki zangu wanasema nichukue ile ya milimita 6.35 inayofichika ndani ya kiganja. Unanishauri nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeanza na cheti kabla ya bastola, maana wapo wanaoanza kinyume. Rafiki zako wanakutakia mema, lakini ushauri wao siukubali. Bastola iliyo ndogo kuliko zote ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kulenga na kupiga sawasawa, na mnunuzi wa mara ya kwanza kwa kawaida hulijua hilo baada ya kulipa.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Risasi inaposukumwa mbele, bastola nayo husukumwa nyuma, na kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo kiganja kinavyopokea kishindo kikubwa zaidi. Chukua mfano wa Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008 na kupendwa sana Marekani kwa sababu inaingia katika mfuko wowote. Ina uzito wa gramu 270 hivi bila risasi, mtutu wake una urefu wa sentimita 7, na mpini wake ni mfupi kiasi kwamba mtu mwenye mkono wa kawaida huushika kwa vidole viwili, kidole cha mwisho kikakosa pa kukaa. Vilengeo vya toleo lake la kwanza ni vinundu vidogo vya chuma ambavyo jioni, kwenye uchochoro usio na taa, jicho halivioni kabisa. Bastola ya namna hiyo huifanyii mazoezi kwa furaha: baada ya kumaliza magazini chache, yaani vibweta vyake vya risasi, mkono huuma, mtu huiweka sandukuni, na kuanzia siku hiyo anabeba kitu ambacho hajui kukitumia.

Kuhusu risasi, ambazo hutajwa kwa upana wake, ya milimita 6.35 ilibuniwa na Mmarekani John Browning mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya bastola ndogo za kiwanda cha FN cha Ubelgiji, nazo zilikusudiwa kukaa katika mfuko wa kizibao cha bwana wa mjini. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina gramu 3 na kidogo. Juu yake kuna ya milimita 7.65, yenye kichwa cha gramu 4 na nusu hivi. Kisha ya milimita 9 fupi, yenye gramu 6 na kidogo. Kisha ya milimita 9 ya Parabellum, iliyotokana na kazi ya Mwaustria Georg Luger mwaka 1902, ambayo kichwa chake cha kawaida ni cha gramu 7 na nusu na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Hii ya mwisho ndiyo inayotumika katika bastola nyingi za askari wetu, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kupatikana kwa mazoezi. Mimi ningeanza hapo, na ningeteremka hadi milimita 9 fupi ikiwa mikono haina nguvu. Chini ya hapo singekwenda ila kwa mtu ambaye maradhi yamemnyima uwezo wa kushika kitu kingine.

Uwe mwangalifu na majina hayo mawili yanayofanana. Milimita 9 fupi ina ganda lenye urefu wa milimita 17, na ya Parabellum ina ganda lenye urefu wa milimita 19. Haziingiliani, hata kama muuzaji mvivu atazitaja zote kuwa ni «tisa». Geuza risasi uangalie kitako chake: fupi kwa kawaida huandikwa 380 AUTO, na nyingine huandikwa 9mm LUGER au 9x19. Kisha soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu wa bastola yako uone kama yanakubaliana, na uone pia kama yanakubaliana na cheti chako, kwa kuwa cheti kinataja aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Usivuke idadi hiyo hata kwa risasi moja.

Kwa ukubwa, ningekuelekeza kwenye bastola bapa zenye uzito wa karibu nusu kilo, kama vile Glock 43 iliyotoka mwaka 2015, inayobeba risasi 6 katika magazini, au SIG P365 iliyotoka mwaka 2018, inayobeba 10 katika umbo linalokaribiana na hilo. Hizi zimepiga hatua kubwa kwa sababu zinatumia risasi kamili ya milimita 9 na bado zinafichika chini ya shati la nje. Hata hivyo zina tabia moja ambayo muuzaji huenda asikutajie: slaidi yake, yaani sehemu ya juu inayovutwa nyuma, ni fupi na nyepesi, kwa hiyo springi yake imefanywa ngumu ili kuizuia, na mtu mwenye baridi yabisi kwenye vidole huweza kushindwa kuivuta. Jaribu mwenyewe dukani, bastola ikiwa tupu, uivute mara kadhaa mfululizo. Ikikushinda pale, kwenye kiyoyozi na bila hofu, itakushinda zaidi ukiwa na hofu.

Kama slaidi imekushinda, kuna bastola ya silinda. Smith & Wesson 642 hubeba risasi 5, ina uzito wa gramu mia nne na kidogo, na nyundo yake imefichwa ndani ili isinase kwenye kitambaa. Haina slaidi ya kuvutwa wala magazini ya kusahaulika nyumbani. Gharama yake ni triga nzito, ya kilo 5 au zaidi, ambayo humfanya anayejifunza ayumbishe mtutu kabla risasi haijatoka. Wengi huichagua wakidhani ni ya wasiojua, na ukweli ni kwamba yataka mazoezi zaidi kuliko zile nyingine.

Sasa mfuko. Usikubali kununua bastola ya mfukoni bila kuvaa suruali utakayoibebea. Nenda dukani ukiwa nayo, uingize bastola tupu ikiwa ndani ya ala yake, ukae, usimame, uiname kama unavyoinama kwenye meza yako ya kazi, kisha uitoe. Suruali zetu za kitambaa chepesi cha joto hili zina mifuko ya bitana nyembamba, na uzito wa nusu kilo huivuta chini hadi umbo lote la bastola likajichora nje. Mfuko mwingine una mdomo mwembamba, mkono ukiingia mtupu haurudi ukiwa umeshika kitu. Wakati mwingine dawa ni fundi cherehani akuongezee bitana ya turubai na kuupanua mdomo wa mfuko, kazi ndogo inayomfaa mtu kuliko kubadilisha bastola. Hata hivyo, kama unavaa shati la kuteremka nje ya suruali, mahali pazuri zaidi ni kiunoni, ndani ya mshipi imara, kwa sababu hapo bastola haizunguki.

Ukiamua mfuko, basi mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote: si funguo, si sarafu, si simu, si kalamu. Funguo za sefu yako zikiingia mbele ya triga zinaweza kuifyatua bila kidole chako kuigusa. Ala ya mfukoni ni lazima, nayo iwe imefunika triga yote kwa kitu kigumu kisichobonyea, na iwe na nje yenye kukwaruza ili ibaki mfukoni bastola inapotolewa. Ala laini ya kitambaa inayouzwa kwa bei rahisi haitimizi sharti la kwanza. Kila juma uitoe bastola uisafishe, kwa kuwa nyuzi za mfukoni na vumbi hujikusanya mtutuni na chini ya slaidi.

Ndugu yangu, kuna jambo moja katika barua yako lililonitia wasiwasi kuliko swali lenyewe, nalo ni kwamba jioni unatembea kwa miguu na dhahabu ya watu. Nisingependa ununue bastola ili uendelee na mazoea hayo. Dhahabu ibaki dukani katika sefu iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, saa za kufunga zibadilike, na usitembee peke yako. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaelekeza kwamba nguvu iliyotumika kujitetea au kutetea mali ipimwe kwa misingi ya sheria ya Uingereza ya desturi, na msingi wake mkubwa ni kwamba nguvu hiyo ilingane na hatari iliyokuwapo. Kijana aliyenyakua mkufu akakimbia amekupa kisogo. Ukimpiga risasi, wewe ndiwe utakayesimama kizimbani kujieleza, na mkufu hautakusaidia kitu. Bastola ni ya siku ambayo uhai wako au wa mwingine umo hatarini na hakuna njia nyingine iliyobaki.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mstaafu, naishi Lamu. Enzi zetu kazini tulibeba bastola bila risasi chembani, yaani nyuma ya mtutu mahali inapokaa tayari kupigwa. Kijana aliyenifundisha hivi karibuni kwenye uwanja wa shabaha anasema bastola isiyo na risasi chembani ni chuma tu. Yupi kati yetu mwenye haki?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Kila mmoja wenu anajibu hali yake. Bastola za zamani nyingi hazikuwa na kizuizi cha ndani cha pini, ile sindano inayogonga kitako cha risasi, na zikianguka sakafuni ziliweza kufyatuka. Kwa hiyo amri mliyopewa ilikuwa ya busara. Bastola nyingi za sasa za viwanda vinavyoaminika zina kizuizi hicho, na haziwezi kufyatuka ila triga ivutwe. Kijana naye ana hoja, kwa kuwa anayeshambuliwa huenda akawa na mkono mmoja tu, wa pili ukiwa unamsukuma mtu au umemshika mtoto, na slaidi huvutwa kwa mikono miwili.

Hata hivyo, kwa mtu ambaye hajazoea, mimi nitaendelea kusema chemba iwe tupu. Anayebeba bastola mfukoni huishika mara nyingi sana asubuhi na jioni, na hatari iliyo karibu naye zaidi ni mkono wake mwenyewe. Risasi iingie chembani baada ya yeye kuwa na ala ngumu, na baada ya mwalimu wake kumwona akiitoa na kuirudisha mara nyingi bila kidole kugusa triga. Kuirudisha ndiko kwenye ajali nyingi zaidi: ncha ya shati huingia pamoja na bastola ndani ya ala na kuvuta triga. Rudisha polepole, ukitazama.

Nawaomba wote wanaosoma wazingatie saa ya kuondoa risasi nyumbani. Mpangilio wake ni mmoja tu. Mtutu ukielekea mahali salama, ondoa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma ili risasi iliyo chembani idondoke. Kisha ishikilie slaidi wazi, uchungulie ndani ya chemba, na uingize ncha ya kidole kidogo uhakikishe kwamba kuna tundu tupu. Anayeanza kwa kuvuta slaidi na kumalizia kwa kuondoa magazini huona risasi ikidondoka, akaridhika, ilhali slaidi iliporudi mbele ilichukua risasi nyingine magazinini na kuiweka chembani. Bastola hiyo anayoiona tupu ndiyo inayoua ndugu sebuleni.

Swali: Mimi ni mama mwenye nyumba za wageni upande wa Watamu. Mume wangu ana bastola yenye leseni, na akisafiri hutaka niibebe katika mkoba ninapopeleka fedha benki mjini Malindi. Je, mkoba wa kike unafaa, na ni bastola gani ndogo ingenifaa?

Jibu: Dada yangu, kabla ya mkoba kuna sheria. Cheti cha mumeo kimetolewa kwa jina lake, baada ya yeye kuchunguzwa na kupimwa, na hakikuhamii wewe kwa sababu mmeoana. Ukikutwa nayo njiani utakuwa unamiliki silaha bila cheti, na yeye atakuwa amempa silaha mtu asiyeruhusiwa. Tangu serikali ilipoagiza mwishoni mwa mwaka 2018 wamiliki wote wa silaha wahakikiwe upya, mlango wa visingizio umezidi kuwa mwembamba. Kama haja yako ni ya kweli, omba cheti chako mwenyewe na ujifunze kwa mwalimu. Mpaka hapo, mumeo akisafiri, bastola ibaki imefungiwa, na fedha za wageni zipelekwe kwa simu au zifuatwe na kampuni ya ulinzi.

Ukishapata cheti chako, bado nitakushawishi usitumie mkoba. Mkoba huvuliwa begani: huwekwa kwenye kiti pembeni, hutundikwa mlangoni, mtu huombwa akushikie kidogo, mtoto huufungua akitafuta peremende. Kila mara moja kati ya hizo, bastola imekwisha kutoka katika ulinzi wako. Na mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi wa pikipiki anachonyakua, kwa hiyo silaha yako itaondoka naye. Chini ya buibui kuna nafasi ya kutosha kwa mshipi mgumu na ala ya kiunoni, na wanawake wengi hushangaa jinsi bastola ya nusu kilo isivyoonekana hapo. Kuifikia ni taratibu zaidi, nakubali, na ndiyo maana mazoezi yafanywe ukiwa na vazi hilo hilo, bastola ikiwa tupu.

Ikiwa hakuna budi ila mkoba, uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye mfuko wake wa peke yake wenye zipu na ala imara ndani, na kamba yake ipite kifuani badala ya kuning'inia begani. Huo usiutue mahali popote.

Swali: Mshauri, mimi nafanya biashara ya samaki Lamu, na cheti ninacho. Bastola yangu imeanza kufanya madoa ya kutu hata kabla haijamaliza msimu wa kusi. Naisugua kwa mafuta ya nazi. Nifanyeje? Pia nataka kujua kama mfuko wa kanzu unafaa.

Jibu: Ndugu yangu wa Lamu, swali lako ndilo ambalo vitabu vya watu wa bara hulipitia juu juu, na kwetu ndilo linaloamua silaha idumu au isidumu. Chumvi haihitaji bastola izame baharini. Upepo unaoleta ukungu wa mawimbi hadi ukutani mwa nyumba unaifikia bastola pia, na jasho la mwili lina chumvi yake. Bastola iliyotiwa rangi nyeusi ya buluu ya mtindo wa zamani, ikiwekwa karibu na ngozi, huonyesha vidoa vyekundu ndani ya siku mbili au tatu, kwanza kwenye pembe za slaidi na chini ya vilengeo, mahali ambapo kitambaa hakifiki vizuri. Anayenunua leo kwa ajili ya visiwani achague yenye chuma kisichoshika kutu, au ile ambayo slaidi na mtutu wake vimeimarishwa kwa naitrojeni kiwandani, kama wanavyofanya Glock. Na hata chuma hicho hupata madoa kikipuuzwa, kwani jina lake ni la sifa zaidi kuliko la uhakika.

Mafuta ya nazi yaache kwa nywele na kwa wali. Hushikana na vumbi, hukaa yakawa gundi ndani ya njia ya pini na chini ya triga, na asubuhi ya baridi huganda. Tumia mafuta mepesi ya silaha. Ukiyakosa, mafuta safi ya cherehani yatakusaidia kwa muda. Yawe machache sana: tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi, na upakaji mwembamba juu ya chuma kwa kitambaa. Mafuta yakizidi hupenya hadi kwenye risasi na kuweza kuharibu fataki yake, yaani kiwashio cha kitakoni, na hapo triga ikivutwa hutasikia chochote ila mlio wa pini.

Ikiwa unapanda boti kati ya Mokowe na mjini, nakuongezea hili. Bastola ikipigwa na maji ya bahari, adui ni chumvi wala si maji. Ondoa risasi, fungua bastola kama mwongozo wake unavyoelekeza, isuuze kwa maji baridi ya kunywa hadi chumvi yote itoke, ikaushe kabisa, kisha ndipo upake mafuta. Anayepaka mafuta juu ya chumvi ameifungia chumvi ndani. Risasi zilizolowa maji ya bahari usizitegemee tena kwa kujilinda.

Tazama pia risasi zako zilizokaa katika magazini tangu mwaka jana. Ukiona ganda la shaba nyeupe limefanya ungaunga wa kijani, mara nyingi ni kwa sababu ya jasho au kwa sababu risasi zilihifadhiwa katika ala ya ngozi, ambayo dawa zake za kukaushia huila shaba. Ngozi ivaliwe mchana. Usiku bastola ilale nje ya ngozi, katika sefu yenye vifuko vya kufyonza unyevu, na vifuko hivyo vibadilishwe mara kwa mara.

Mfuko wa kanzu haufai. Kanzu haina mshipi unaobeba uzito, kitambaa chake ni chepesi, na nusu kilo mfukoni huivuta upande mmoja ikapigapiga mguuni kila unapopiga hatua, jambo ambalo mtu yeyote aliyekaa barazani ataliona kabla hujafika. Vaa suruali na mshipi chini yake na ubebe kiunoni, au siku ya kanzu uiache bastola ndani ya sefu. Kwenda msikitini, kwenye maulidi au kwenye arusi, ambako watu husongamana na watoto hupita katikati ya miguu ya wazazi wao, ningeiacha bila kusita.

Swali: Kuna jamaa ana bastola ndogo nzuri, bei rahisi, anasema karatasi zitafuata baadaye. Niichukue?

Jibu: Hapana, mwanangu. Bastola isiyo na karatasi inauzwa rahisi kwa sababu ina historia, na huenda ganda la risasi yake limehifadhiwa polisi kutoka mahali mtu alipouawa. Cheti hutangulia, na ununuzi hufanywa kwa muuzaji aliyesajiliwa. Usirudi kwa jamaa huyo.

Swali: Marehemu baba yetu ametuachia sanduku, na ndani yake tumekuta bastola ndogo sana ya Ubelgiji ya milimita 6.35 pamoja na risasi katika kopo. Familia inaishi Malindi. Kaka yangu anataka kuibeba kwa kuwa ni ndogo na ni ya baba. Tufanye nini?

Jibu: Mungu amrehemu mzee wenu. Mwambie kaka yako asiibebe hata kutoka chumba hiki hadi kile. Cheti hakirithiwi, kilikoma pamoja na marehemu, kama alikuwa nacho. Tena bastola za aina hiyo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1906 na kuigwa na viwanda vingi vya Ulaya, kwa kawaida hazina kizuizi cha kisasa cha pini. Springi inayosukuma pini hukaa imebanwa muda wote bastola ikiwa tayari, chuma kilichochoka huachia, na usalama wake mdogo wa ubavuni umelika kwa miaka. Haijulikani kama kuna risasi chembani, na kukosekana kwa magazini si uthibitisho kwamba haimo.

Msiivute slaidi mkijaribu, wala msiipeleke kwa fundi wa kufuli aiangalie. Iacheni ilipo, fungeni chumba, watoto wasiingie. Mmoja wenu aliye mtu mzima aende kituo cha polisi mikono mitupu, pamoja na wakili au mzee wa mtaa ikiwezekana, aeleze jinsi ilivyopatikana, na aombe askari waje kuichukua. Kutembea nayo mjini, hata kwa nia njema, ni kubeba silaha bila cheti. Chukueni hati ya kupokelewa yenye namba ya bastola na idadi ya risasi, na muihifadhi pamoja na karatasi za mirathi. Kaka yako akitaka kuwa na silaha aombe cheti chake, na akikipata anunue bastola mpya ya ukubwa niliomweleza sonara hapo juu. Risasi za kwenye kopo ziende na askari pamoja na bastola. Msizitupe baharini wala jaani, na msimwachie mtoto hata moja kwa ajili ya kumbukumbu ya babu yake.